Panya Wakali, Dada Zao, na Kitu Kigeni Sakafuni

Sogeeni, wajukuu zangu. Leo tunakwenda mbali, hadi mji wa Groningen, kaskazini mwa Uholanzi, kwenye maabara iliyojaa panya. Si panya buku, wale wanaofundishwa kule Morogoro kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini. Hawa ni panya wadogo wa nyumbani, wale wa kijivu wanaotoboa magunia ya unga na kukimbizana darini usiku. Babu na bibi zao walinaswa mwaka 1971 karibu na mji huo, wakiwa panya huru kabisa, wakaletwa maabara na mtafiti mmoja aitwaye van Oortmerssen. Alitaka kujua jambo ambalo hata ninyi mmewahi kujiuliza mkiwatazama majogoo uani: kwa nini huyu ni mkali na yule ni mpole, ilhali wote wamelelewa mahali pamoja?

Jaribio lake lilikuwa hivi. Anachukua dume mmoja na kumpa kizimba chake. Dume anakaa humo mpaka amezoea, amenusa kila pembe na kuweka alama kwa mkojo wake, na sasa anajua kwamba hapa ni kwake. Kisha anaingizwa dume mwingine, mweupe, mpole, asiyetafuta ugomvi na mtu. Mtafiti anabonyeza saa ya kuhesabu sekunde. Anachongoja ni kitu kimoja tu: mwenyeji atakaa muda gani kabla ya kumrukia mgeni?

Wapo waliomrukia kabla dakika moja haijatimia. Unamwona mwenyeji anainua kichwa, manyoya ya mgongo yanasimama, mkia unatikisika, na papo hapo ameshafika. Wengine walimwendea mgeni polepole, wakamnusa puani, wakamnusa ubavuni, wakarudi kujisafisha masharubu. Sekunde 600 zikaisha, yaani dakika kumi nzima, na mgeni bado hajaguswa hata unyoya. Mchezo ukasimamishwa hapo.

Van Oortmerssen hakuishia kuwatazama. Waliowahi kushambulia akawaweka upande mmoja, waliochelewa upande mwingine, na kila upande ukazaa peke yake. Watoto walipokua wakapimwa kwa saa ileile, na wajukuu vivyo hivyo, kizazi baada ya kizazi. Ukapatikana ukoo wa panya wakali na ukoo wa panya wapole, wote wametokana na mababu walewale.

Mngeweza kudhani kisa kimekwisha. Ukali unarithiwa, basi. Lakini hapo ndipo mambo yanapoanza kunoga, maana wanasayansi walipowatazama panya wale nje ya ugomvi, waligundua kwamba walichokuwa wamekichagua si ukali peke yake.

Mwaka 1987 mtafiti aitwaye Benus na wenzake walichapisha habari za mzingile. Mzingile ni kijumba chenye vichochoro vingi, vingine vimezibwa mwisho, na kimoja tu kinakufikisha kwenye chakula. Madume wakali na madume wapole wote walifundishwa njia, na wote waliijua. Walipokwisha kuizoea, watafiti wakabadilisha kitu kidogo. Safari nyingine waliligusa jambo lililo ndani ya mzingile wenyewe, safari nyingine jambo lililo nje yake. Njia ya kufikia chakula ilibaki palepale.

Dume mpole alipokutana na badiliko hilo alisimama. Alinusa. Alirudi nyuma, akachungulia kichochoro alichokwisha kukijua, akakosea njia mara kadhaa, akachelewa kufika. Dume mkali alipita kama kwamba hapakuwa na kitu, akafika kwenye chakula kwa mwendo wake uleule. Mkiwatazama kwa haraka mtasema mkali ndiye mwerevu, maana hakukosea. Mimi nasema tazameni tena. Mkali hakukosea kwa sababu hakuangalia. Ni kama mtu anayetoka kazini kila siku kwa njia moja, miguu inamfikisha nyumbani huku mawazo yako kwingine, na ukimwuliza kama ule mwembe wa njia panda umekatwa, hajui.

Mazoea hayo yana faida na yana hasara. Mahali pakiwa palepale, siku zikifanana, mkali anapata kila kitu upesi kuliko mwenzake. Mambo yakigeuka, anaumia. Benus na wenzake waliwahi kuwageuzia panya saa za mwanga na giza katika chumba, usiku ukawa mchana. Wapole waliizoea ratiba mpya mapema. Wakali walichukua karibu mara mbili ya muda huo, wakiamka na kulala kwa saa za zamani zilizokuwa zimeshika mwilini mwao.

Kuna jaribio lingine ambalo sikulipenda nilipolisoma, lakini nitawasimulia kwa kuwa linaonyesha jambo. Kizimbani kinaingizwa kijiti kigeni chenye umeme mdogo. Panya hukisogelea, maana panya hawezi kukiacha kitu kigeni bila kukinusa, na hushtuka. Baada ya hapo mkali anageuka, anaanza kusukuma maranda ya mbao kwa miguu ya mbele, anayarundika juu ya kijiti mpaka kimefukiwa. Mpole anajibanza pembeni mbali na kijiti, anatulia tuli, anangoja. Hofu wanayo wote wawili. Mmoja anaitolea kwa mikono, mwingine anaimeza na kukaa kimya. Jaap Koolhaas, mwanasayansi wa hukohuko Groningen aliyewatazama wanyama hawa kwa miaka mingi, alisisitiza kwamba hizi ni njia mbili za kukabiliana na maisha, moja ya kutangulia kutenda na nyingine ya kusubiri na kusoma hali, na kwamba zote mbili zimedumu kwa sababu zote mbili zinafaa. Katika kundi la panya lililotulia, mkali anashika eneo na kupata watoto. Miongoni mwa panya wanaolazimika kuhama na kwenda kuanza upya wasikokujua, mpole ndiye anayefaulu zaidi.

Sasa nataka mnisikilize vizuri, hasa ninyi wasichana. Hesabuni tena kila panya niliyewatajia tangu nianze. Dume kizimbani, dume mgeni, dume katika mzingile. Jike yuko wapi?

Alikuwepo. Bila yeye usingepatikana ukoo wowote. Kila kizazi alibeba mimba, akajenga kiota, akanyonyesha. Lakini saa ya kuhesabu sekunde haikubonyezwa kwa ajili yake. Sababu ilionekana ya maana: jike wa maabara asiye na watoto, ukimwingizia mgeni, mara nyingi hamrukii. Huwezi kumpanga kwa kipimo asichokijibu. Hivyo jike akateuliwa kwa kutazamwa kaka zake. Kaka zako wakali? Basi wewe ni wa ukoo mkali. Hili linaniuma kidogo kila nikilifikiri, kwa sababu watu walipoandika kwamba panya wakali hukimbilia mazoea na wapole huangalia mabadiliko, mara nyingi walimaanisha nusu tu ya panya.

Kuna mwanamke mmoja wa Ufini aliyekuwa ameanza kazi kama hii miaka kumi na zaidi kabla ya Groningen. Jina lake Kirsti Lagerspetz, mwanasaikolojia wa mji wa Turku. Mwaka 1959 alianza kuchagua panya weupe wa maabara, wakali kwa wakali, wapole kwa wapole, akiwapa madume alama kwa namna walivyopigana. Alipochapisha kitabu chake mwaka 1964 tofauti ya koo hizo mbili ilikuwa haina ubishi. Tena wakali wake walitembea zaidi walipowekwa katika uwanja mpya wasioujua, kwa hiyo huku pia ukali na jinsi ya kuukabili ugeni vilikwenda pamoja.

Lagerspetz alikuwa mtu wa kutoridhika na jibu la kwanza. Alijiuliza kama watoto wa ukoo mkali hawafundishwi ukali na mama zao. Akabadilisha: watoto wa mama mkali wakanyonyeshwa na mama wa ukoo mpole, na wa mpole wakapelekwa kwa mkali. Walipokua, kila mmoja alifuata ukoo wa damu yake. Akajiuliza tena kama ukali ukisharithiwa haubadiliki. Akawakutanisha wakali na wapinzani waliowashinda mara kwa mara, na wale mabingwa wakawa waoga wa kupigana. Kumbe unaweza kuzaliwa na kitu na bado maisha yakakigeuza.

Kisha akauliza swali ambalo mimi nalipenda kuliko yote. Majike wa ukoo mkali, ambao hawapigani, wamebeba nini ndani yao? Yeye na wenzake wakawapa majike wa koo zote mbili testosteroni, ile homoni ambayo mwili wa dume huitengeneza kwa wingi. Majike wa ukoo mkali wakaanza kupigana, na kwa kiasi kikubwa kuliko majike wa ukoo mpole waliopewa homoni ileile. Maana yake urithi wa ukali ulikuwamo ndani yao siku zote, kizazi baada ya kizazi, umehifadhiwa. Kilichokuwa hakipo ni cha kuuamsha. Dume na jike wa ukoo mmoja wanaweza kuwa na jeni karibu zote zilezile na bado wakaishi tofauti, kwa sababu jeni husomwa na mwili, na miili yao si sawa.

Wala msidhani jike anahitaji sindano ya maabara ili akasirike. Mfikieni panya aliyezaa siku chache zilizopita, watoto bado wekundu, hawana manyoya, hawajafumbua macho. Mwingizieni dume mgeni. Jike yuleyule ambaye wiki tatu nyuma angemnusa na kumpisha, sasa anaruka bila kuonya, anamng'ata shingoni, anamfukuza hadi pembe ya mwisho. Watafiti walikuwa wakipima wakati usio wake. Ukali wake una msimu, na msimu huo unafunguliwa na uzazi na kunyonyesha.

Hata kabla ya kuzaliwa, wanangu, mambo yanakuwa yameshaanza. Tumbo la panya hubeba watoto wengi waliojipanga kwenye mstari. Frederick vom Saal, mtafiti wa Marekani, pamoja na mwenzake Bronson, walitazama jambo ambalo wengine hawakulifikiria: mtoto wa kike alikuwa amelala kati ya nani na nani? Madume wakiwa tumboni tayari wanatoa testosteroni, na kidogo yake humfikia jirani. Jike aliyekaa kati ya kaka wawili alikuwa na homoni hiyo nyingi zaidi kabla ya kuzaliwa kuliko jike aliyekaa kati ya dada wawili, na alipokua alikuwa mkali zaidi kwa majike wenzake. Baba mmoja, mama mmoja, tumbo moja, siku moja. Tofauti ni nafasi ya kulala tu.

Na kulikuwa na waliogeuza meza kabisa. Mwaka 1976, Patricia Ebert na Janet Hyde walichapisha kazi yao ya kuchagua kwa kuwapima majike. Walichukua panya wa porini, maana jike wa porini hajapoozwa na maisha ya maabara, wakapima jike anavyomkabili jike mwenzake, wakachagua wakali na wapole. Majike wa koo hizo walitofautiana kama ilivyotarajiwa. Wakawageukia kaka zao kuwapima, na kaka hawakutofautiana. Ukimchagua dume kwa ukali wake unaweza kupata ukoo wenye majike watulivu, na ukimchagua jike unaweza kupata ukoo ambao madume wake hawakuguswa na uchaguzi huo hata kidogo. Kwa hiyo neno hilo moja, ukali, limebeba zaidi ya kitu kimoja, na cha dume si lazima kiwe ndicho cha jike.

Nirudi kidogo kwa Lagerspetz, kwa sababu alichofanya baadaye kinawahusu watoto kama ninyi. Mwaka 1988, yeye na Kaj Björkqvist na Tarja Peltonen walitoa matokeo ya utafiti wa watoto wa shule wa Ufini wenye umri wa miaka 11 na 12. Waliwauliza wanafunzi: fulani akikasirika, hufanya nini? Wavulana walitajwa zaidi kwa ngumi, mateke na kusukumana. Wasichana walitajwa zaidi kwa kumsengenya mtu, kumtenga, kumwambia rafiki "usicheze naye", kujipatia rafiki mwingine ili kumkomoa wa kwanza. Kabla ya hapo watu wengi walikuwa wakihesabu ngumi, wakahitimisha kwamba wasichana hawana ugomvi. Binadamu si panya, na simsikilizi mtu anayetaka kunieleza watoto wa shule kwa kunitajia panya. Lakini naona mtu mmoja aliyejifunza katika vizimba vya Turku kwamba kipimo kinaweza kumpita jike bila kumwona, akaingia darasani na kipimo kipana zaidi. Aliyewahi kutengwa uwanjani na marafiki anajua kwamba hilo linauma sawa na kofi.

Tumezungumza ukali. Na ugeni je? Jike na dume wanaupokeaje?

Kwa panya wakubwa weupe wa maabara jibu linajulikana tangu zamani: mweke jike katika uwanja mpana asioujua, kwa kawaida atatembea na kuchunguza zaidi kuliko dume. Hapo mtu anaweza kuhitimisha upesi kwamba majike ni jasiri mbele ya kitu kigeni, akafunga kitabu. Msifunge. Kuna ndege mmoja atakayetuonyesha kwamba swali lenyewe lina kona nyingine.

Tuondoke maabara ya panya, turudi Uholanzi, kusini ya Groningen, karibu na mji wa Arnhem. Huko misituni kuna ndege mdogo, mashavu meupe, kichwa cheusi kinachong'aa, kifua cha manjano chenye mstari mweusi katikati kama tai ya mwanafunzi. Waholanzi humwita koolmees. Hukubali kulala na kuzaa katika visanduku vya mbao ambavyo watu humtundikia mitini, na ndiyo sababu watafiti wanampenda.

Katika taasisi iliyokuwa katika kijiji cha Heteren walimtengenezea ndege huyu chumba chenye miti mitano ya bandia. Wanamwachia aingie, kisha wanahesabu: atarukaruka mara ngapi, atachukua muda gani kutembelea miti minne kati ya mitano? Wengine, tuwaite wepesi, huimaliza miti haraka, huku na huku, wakigusa kila tawi kijuujuu. Wengine, tuwaite wazito, hukaa mti mmoja wakichunguza gome, wakageuza kichwa, wakafikiri. Kisha ndege huletewa kitu ambacho hajawahi kukiona tangu azaliwe. Mara moja ni betri ndogo ya tochi. Mara nyingine ni mwanasesere wa mpira, chui wa rangi ya waridi, urefu wa sentimita nane hivi. Hebu mjiweke mahali pa ndege yule. Amezaliwa katika majani na vivuli, na sasa mbele yake yuko mnyama wa waridi asiyepumua. Mwepesi humwendea mara moja, akamdonoa. Mzito hukaa mbali sana.

Angalieni kinachofurahisha hapa. Kwa panya, watu walichagua ukali, na namna ya kuukabili ugeni ikaja yenyewe nyuma yake. Kwa ndege hawa, watu walichagua namna ya kuukabili ugeni, wakazalisha ukoo wa wepesi na ukoo wa wazito ndani ya vizazi vinne tu, na ukali ulikuwa umeambatana nao. Katika kazi za Verbeek na wenzake, miaka ya 1990, wepesi ndio walioanzisha magomvi mengi zaidi na kuyashinda. Tena chombo cha chakula kilipohamishwa, wepesi walizidi kurudi mahali pa zamani palipo patupu, na wazito wakatafuta pengine. Mnamkumbuka dume mkali katika mzingile? Ni tabia ileile, kwa mnyama mwenye mabawa.

Lakini Verbeek naye alikuwa ameanza na madume. Ilibidi aje Niels Dingemanse, pamoja na Both, Drent na Tinbergen, kuwafuata wa porini, dume na jike. Walimnasa ndege msituni, wakampeleka Heteren, akalala huko usiku mmoja, asubuhi akapimwa katika chumba cha miti mitano, kisha akarudishwa palepale aliponaswa, akiwa na pete mguuni. Mwaka uliofuata wakaangalia nani bado yu hai.

Kwanza waligundua kwamba madume na majike hawakutofautiana kwa wepesi. Kuna majike wepesi na majike wazito, madume wepesi na madume wazito, mchanganyiko uleule. Angetokea mtu akapima tabia tu angeandika "hakuna tofauti ya jinsi" na kwenda zake. Matokeo ya mwaka 2004 yalionyesha kwamba tofauti iko mbele zaidi, katika kuishi na kufa. Wepesi ulipomfaa jike, ulimdhuru dume. Ulipomfaa dume, ulimdhuru jike. Na mwaka ulipobadilika, mambo yaligeuka juu chini kwa wote wawili.

Ufunguo wake uko kwenye mti mmoja mkubwa wa misitu ya Ulaya, ambao Waholanzi huuita beuk. Mti huu hauzai kila mwaka kwa kipimo kimoja. Kuna mwaka njugu zake ndogo zinafunika ardhi, na kuna mwaka hazionekani. Ndege wetu huzitegemea wakati wa baridi, theluji inapofukia wadudu.

Mwaka wa njaa, kila punje inagombewa. Katika ndege hawa madume huwatawala majike kwenye chakula, kwa hiyo jike mzito husukumwa nje, na jike mwepesi, mwenye kuthubutu, hujipenyeza na kupata riziki yake. Jike huyo anavuka majira ya baridi. Kwa madume ni kinyume. Ndege wengi wamekufa, nafasi za kutagia zimebaki tele, kwa hiyo dume mwenye kupenda ugomvi anajichosha bure, na dume mzito anafaidi. Sasa tuje mwaka wa njugu nyingi. Wote wanakula, wengi wanaishi, na inapofika majira ya kuzaa nafasi zimejaa. Sasa dume anahitaji ukali ili apate mahali, na mwepesi anang'ara. Jike hana wa kugombana naye kwenye chakula, na kwake uzito ndio salama. Haya ndiyo maelezo waliyoyatoa watafiti wenyewe, na kwangu yanaingia akilini vizuri, kwa kuwa hayamfanyi jike kuwa dume dhaifu wala dume kuwa jike mkubwa. Kila mmoja ana vita vyake, kwa wakati wake.

Ndiyo sababu wepesi hawatoweki na wazito hawatoweki. Dume mwepesi aliyenusurika mwaka wa njugu atazaa mabinti wepesi, na mabinti hao huenda wakakutana na mwaka wa njaa uliotengenezwa kwa ajili yao. Kinachomuua baba kinaweza kumwokoa mtoto wake wa kike.

Swali la mwisho mtakaloniuliza ni la ndoa, nawajua. Mwepesi aoane na nani? Both na wenzake walilitazama hilo pia, na mwaka 2005 wakachapisha jibu lililonishangaza, kwa sababu nilidhani mwepesi na mzito wangesaidiana. Vifaranga waliotoka kiotani na afya bora walikuwa wa wazazi wanaofanana: mwepesi sana kwa mwepesi sana, au mzito sana kwa mzito sana. Na ili kulijua hilo ilibidi wazazi wote wawili wapimwe, baba na mama, kila mmoja peke yake katika kile chumba cha miti mitano.